Usiigeuze mchuzi: nyama ya Sichuan kwenye karai la Mombasa

Mara ya kwanza kupika chakula hiki nilitia nyanya mbili. Hakuna aliyeniambia nitie, mkono ulikwenda wenyewe. Sisi wa pwani tukiona nyama, vitunguu na thomu vimekutana chomboni, macho yanatafuta nyanya, kisha tui, kisha kifuniko. Nilichopata ni mchuzi mwekundu tu, wenye harufu ya ugeni kwa mbali. Shemeji yangu, aliyesoma Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan kule China, miaka minne na ndiye aliyetuletea viungo, alikula kwa adabu, akasema, "Shemeji, mchuzi wako mtamu." Nikaelewa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo: usifunike, usitie nyanya, na maji yasizidi vijiko. Chakula hiki hukaangwa upesi kwa moto mkali, kikatoka na mafuta mekundu yaliyoshika nyama, bila supu chini ya sahani.

Viungo viwili havina mbadala. Cha kwanza ni huajiao. Watu huiita pilipili, lakini si pilipili manga wala si hii ya kuwasha. Ni ganda la tunda dogo la mti ulio ukoo mmoja na ndimu na mchungwa, na ukilisugua kidoleni utasikia harufu hiyo ya ganda la ndimu. Kazi yake ni kutia ganzi. Mamangu alitafuna moja, akashika shavu, akauliza, "Hii si karafuu ya jino?" Hakukosea sana. Wachina wa huko wana neno la ladha yenyewe, mala: ma ni ile ganzi, la ni ule muwasho wa pilipili. Pilipili ya kuwasha ni mgeni kwao kama ilivyo mgeni kwetu, sote ilitufikia kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati kwa njia ya mabaharia. Huajiao ndiyo mwenyeji.

Cha pili ni doubanjiang, rojo la maharagwe mapana yaliyochachushwa na pilipili na chumvi. Lenye sifa kubwa hutoka Pixian, karibu na Chengdu. Mimi huagiza vyote viwili kutoka maduka ya Wachina ya Kilimani, Nairobi. Soma maandishi ya kopo ikiwa nyumbani kwenu mnashika halali, maana rojo na sosi nyingine hutiwa pombe. Mapishi mengi ya huko pia hutaka divai ya mchele kwenye nyama. Mimi huweka maji ya tangawizi iliyokunwa na kukamuliwa, na sijaona pengo.

Vilivyobaki viko kwenye masoko yetu ya Mombasa, Marikiti na Kongowea: pilipili kavu ndefu, thomu, tangawizi, ukwaju, mishiri, karoti, pilipili mboga. Ukwaju ni wangu mimi. Kwao wangetia siki nyeusi, nami nikaona kijiko kimoja cha ukwaju mzito kinafanya kazi hiyo bila aibu. Bizari nyembamba iache kabatini. Wachina wanaipenda na nyama, lakini hayo zaidi ni mambo ya Xinjiang, kaskazini-magharibi, na ukiitia hapa utajikuta umepika mishkaki isiyo na kijiti.

Sasa nyama, na hapa nina kosa jingine la kukiri. Kwa mishkaki sote tunajua papai bichi. Nikalisaga, nikapaka vipande vyangu vyembamba, nikaenda kuoga na kuswali. Niliporudi nyama ilikuwa kama uji. Niliishika ikanibaki vidoleni. Papai linafaa kipande kinene. Kipande chembamba kinahitaji kisu tu. Chukua nusu kilo ya steki, iweke kwenye friza dakika arubaini ikaze kidogo, kisha uikate kukingama na nyuzi zake, unene wa sarafu mbili. Changanya na vijiko viwili vya chai vya sosi ya soya, kijiko cha mezani cha konfulawa, vijiko viwili vya yale maji ya tangawizi, na mafuta kidogo mwishoni ili vipande visigandane. Ikae nusu saa. Konfulawa huvisha nyama koti linaloshika maji yake ndani, nawe utalihisi likiteleza ulimini. Chumvi usitie, rojo lina chumvi ya kutosha na kuzidi.

Huajiao, kijiko kimoja cha chai, ikaushe kwenye karai tupu kwa moto mdogo mpaka harufu ipande. Toa mbegu nyeusi, ni mchanga mtupu mdomoni. Itwange, uichunge.

Karai letu la kukaangia bajia ndilo hasa chombo cha kazi hii, na jiko la makaa hulishinda jiko dogo la mtungi wa kilo sita. Ukiwa na gesi tu, kaanga nyama mara mbili, nusu kwa nusu. Ukiirundika yote inatoa maji, inachemka, na umerudi kwenye mchuzi. Mboga zitangulie: mishiri mpaka ngozi ijikunje, karoti na pilipili mboga dakika moja tu, utoe. Kisha nyama, ikibadilika rangi itoe. Punguza moto, tia mafuta na vijiko viwili vya mezani vya rojo, ukoroge mpaka mafuta yageuke mekundu. Hapo ndipo thomu, tangawizi na pilipili kavu zilizokatwa kwa mkasi zinaingia. Fungua dirisha kabla, si baada. Mimi nilizisahau zikaungua, tukakohoa nyumba nzima, na jirani wa juu akabisha kuuliza kuna nini.

Rudisha vyote, pandisha moto, tia ukwaju na sukari kidogo, geuza mara chache, epua. Huajiao nyunyiza mwisho kabisa.

Kule wangekula na wali mweupe. Kwetu ni wali wa nazi, na sitaki ubishi, kwa sababu mafuta ya nazi hupoza muwasho ambao maji hayauwezi. Glasi ya maji husambaza moto tu. Mamangu hula na bakuli la mtindi pembeni. Vile vipande vya pilipili kavu havitafuni. Huvitoa kimoja kimoja, akavipanga kwenye ukingo wa sahani, kisha humwonyesha shemeji hesabu yake.