Kutná Hora kwa siku moja: usianzie kwenye mifupa

Mkuu, umeuliza kwa nini Kutná Hora, kamji kadogo vile ka Jamhuri ya Cheki, kana kanisa kubwa kiasi kile, na kama nusu siku kutoka Prague inatosha. Nusu siku inatosha mifupa tu, yaani kanisa dogo la kitongoji cha Sedlec lililopambwa kwa mifupa ya watu. Kanisa lina habari ndefu, na yote ni fedha, ile ya kuchimba.

Mwaka 1300 Václav wa Pili, mfalme wa Bohemia (Cheki ya zamani), alitoa sheria ya migodi, akaanzisha groši ya Prague, sarafu ya fedha. Iligongwa kwa nyundo pale Vlašský dvůr, maana yake Ua wa Waitaliano, kwa kuwa mafundi wa mwanzo walitoka Italia. Mwaka 1388 matajiri wa mji wakaanza kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, nje kidogo ya ardhi ya watawa wa Sedlec ili wasiingiliwe. Pesa zilipokata 1558, wakaliziba kwa ukuta wa muda. Lilikamilika 1905! Ndani tafuta sanamu ya mchimbaji aliyevaa kanzu nyeupe, nguo iliyoonekana kirahisi gizani.

Kilichoumaliza mji ni kina cha migodi. Shimo la mgodi wa Osel lilifika karibu mita 500. Kutoa maji na kupandisha mbale (mawe yenye fedha) kukagharimu kuliko fedha yenyewe. Wakati huohuo Jáchymov, mji mwingine wa migodi ya fedha, ikaibuka na sarafu yake ya tolar, ambako neno dola limetokea.

Migodi hiyohiyo ilikata mikondo ya maji, mji ukabaki na kiu. Ndiyo sababu ya Kamenná kašna, tanki la mawe la 1495 lenye pande 12, lililojazwa kwa mabomba ya mbao. Wengi hulipiga picha wakidhani ni pambo.

Sasa safari. Treni huchukua kama saa moja, lakini stesheni kuu iko Sedlec, kilomita 3 hivi kutoka mji wa kale. Hapo ndipo watu huteleza: wanaona mifupa iliyopangwa na František Rint mwaka 1870, wanarudi Prague. Panda katreni kadogo hadi Kutná Hora město, stesheni ya mjini, anza na mgodi wa Hrádek (weka nafasi mapema, Jumatatu na majira ya baridi hufungwa). Chini kuna nyuzijoto 12 hivi na njia nyembamba za kupita kiubavu, kwa hiyo mwenye hofu ya sehemu finyu abaki juu. Sedlec iwe ya mwisho, ukielekea stesheni. Kupiga picha kwenye mifupa hakuruhusiwi tangu 2020.