Kubakiza gia moja kabla ya kufunga injini

Ndugu, umeuliza kama baiskeli yako ya gia ibakizwe gia moja kabla ya kufungwa injini ndogo ya petroli. Naam, lakini kwanza tazama tundu za ekseli kwenye fremu: zikiwa za kulala, utavuta gurudumu nyuma hadi cheni ya pedali icheze kama sentimita moja tu, zikiwa za kusimama, utahitaji kikaza cheni, kwa kuwa gurudumu halisogei. Pengo la gia ulizoondoa lijaze kwa bushi, yaani pete za kujazia nafasi, ili gia iliyobaki inyooke sawasawa na ya mbele. Tafadhali usipuuze spoku za kushoto, ambako sproketi ya injini, yaani gia ya meno inayovutwa na cheni ya injini, hufungwa kwa kawaida: kwenye gurudumu la gia huwa zimelegea kuliko za kulia, hivyo fundi azikague zote kwanza.