"Mali ikishauzwa hairudishwi": maswali yenu kuhusu TV, friji na simu

Ujumbe mwingi wa wiki hii unauliza jambo moja: pesa nimeshatoa, je, naweza kurudisha?

Nimenunua TV ya inchi 43 Kariakoo. Kuiwasha nyumbani, kioo kina mstari wa kijani toka juu hadi chini. Muuzaji kanionyesha maandishi kwenye risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Ndiyo basi tena? – Mama, Mbagala

Pole sana, mama. Si basi. Maneno yale yanamfaa muuzaji pale mteja anapobadili mawazo. Hayampi ruhusa ya kuuza kitu kibovu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaostahili. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji na kusimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Malalamiko unaweza kuyapeleka huko, ukiwa na risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Ukiwa na kikaratasi cha mkono kisicho na hata jina la duka, utahangaika.

Kazi kubwa kwako ni ushahidi, maana atakwambia kioo kimeumia njiani. Na kweli vioo vya TV huumia njiani, hasa zikilazwa chali ndani ya bajaji na mizigo mingine juu yake. Piga video ya huo mstari, piga picha boksi pande zote kuonyesha halijabonyea, urudi leo hii. Fundi wa mtaani asiiguse. Akishafungua skrubu za nyuma, muuzaji ameshapata pa kutokea.

Kwa mnaojiandaa kununua: TV iwashwe dukani. Mwombe kijana wa duka aweke picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Kwenye nyeupe utaona madoa na mistari, kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja pembeni. Chomeka flashi, jaribu matundu yote, sikiliza spika. Na ukague kweli, kwa sababu sheria hiyo ya Sura ya 214 inasema aliyekagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Anayekataa kukuwashia TV ya mamia ya maelfu ya shilingi, mwache. Kariakoo maduka hayakosekani.

Friji yangu mpya haipiti mlangoni. Dada yangu yuko London, anasema kule unarudisha ndani ya siku 14 bila kuulizwa. Kwa nini hapa hawataki? – Msomaji, Tabata

Dada yako yuko sahihi nusu tu. Siku 14 za Uingereza ni za vitu vilivyonunuliwa mtandaoni au kwa simu. Aliyeingia mwenyewe dukani akachagua, kisha akabadili mawazo, anategemea utaratibu wa duka lile, sawa na wewe. Kitu kikiwa kibovu ndipo sheria yao ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kukirudisha na kudai pesa yake yote.

Friji yako haina ubovu, kwa hiyo hapa unaomba, hudai. Usiiwashe, usibandue nailoni. Omba ubadilishiwe ndogo zaidi badala ya kurudishiwa pesa. Wengi hukubali hilo. Nauli ya kirikuu kwenda na kurudi iwe juu yako.

Simu yangu ina waranti ya mwaka mmoja. Imezima siku ya nne, duka linanituma kwa mafundi wa kampuni, nao wanasema nisubiri. Si wangenipa nyingine tu? – Kijana, Mwanza

Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Waranti nyingi huahidi matengenezo kwanza; kubadilishiwa ni makubaliano yako na duka. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni hili: "Ikizima ndani ya wiki ya kwanza, mnanibadilishia hapa hapa?" Jibu liandikwe kwenye risiti na kupigwa muhuri. Ahadi ya mdomo huondoka na muuzaji aliyeitoa.

Kwa sasa, waachie mafundi simu, lakini wakupe karatasi yenye tarehe, tatizo na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako. Bonyeza *#06# kwenye simu yoyote unayonunua: namba itakayotokea ifanane na ya kwenye boksi na kwenye risiti. Itume pia kwa SMS kwenda 15090, mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utakujibu ni simu ya aina gani. Jina likija tofauti na ulilouziwa, usilipe.

Nimeona sabufa nzuri Instagram, wanataka nilipe yote kwanza kwa lipa namba. – Dada, Kigamboni

Usilipe yote, dada. Lipa mzigo ukifika, na mwelewane mapema kwamba bodaboda atasubiri uiwashe. Wasipokubali, au wasiposema duka liko wapi, tafuta nyingine.

Mwanangu yuko Texas, anataka kunitumia TV kwenye kontena. Ikifika mbovu itakuwaje? – Baba, Tanga

Mzee wangu, shikamoo. Kontena huchukua wiki nyingi, na muda wa kurudisha hausubiri meli. Maduka ya huko kama Best Buy kwa kawaida hutoa siku 15, Costco siku 90 kwa TV, na waranti za TV mara nyingi huishia nchi iliyouziwa. Basi aiwashe huko huko siku kadhaa kabla ya kuipakia. Asome pia stika ya nyuma: umeme wao ni volti 120, wetu 230, kwa hiyo iandikwe 100–240. Antena yetu TV hiyo haitaisoma, ila king'amuzi cha kuchomeka kwa waya wa HDMI kwa kawaida kitafanya kazi. Stika ikisema 120 tu, airudishe mapema, na boksi lake na risiti.