Kabla ya kutafuta mshipa, sikiliza koo

Kijana wa bodaboda alikuwa amelala chali kando ya lami, mbele kidogo ya njia panda ya Nanganga, watu wamemzunguka na simu zao. "Kalewa tu huyo, sikia anavyokoroma," alisema mzee mmoja. Ulikuwa msimu wa mabibo, na kweli mdomo wake ulinuka uraka. Nikapiga magoti nikaanza kumtafutia mshipa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kusindikiza wagonjwa wa rufaa, na niliamini kuokoa mtu kunaanzia kwenye kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani. Nikachoma, nikakosa. Nikachoma tena, nikakosa. Dereva wetu, ambaye hana cheti chochote cha tiba, akainama: "Sista, midomo yake mbona kama amekula zambarau?"

Mkoromo ule haukuwa wa pombe. Ulimi ulikuwa umelegea, umerudi nyuma na kuziba koo. Kwa kuwa alirushwa na pikipiki, sikuthubutu kumkunja shingo. Nilihamia kichwani kwake, nikaweka vidole nyuma ya pembe za taya pande zote mbili, nikalisukuma taya mbele. Mkoromo ukakatika palepale. Kifua kikapanda. Dawa sikuwa nimempa hata tone.

Vijana wa mafunzo kwa vitendo wakipanda gari nami siku hizi, nawaambia sanduku la dawa libaki limefungwa kwanza, wasikilize. Kukoroma ni ulimi. Mlio wa maji yanayobubujika ni damu, mate au matapishi, na hapo usiminye ambubegi, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, kabla ya kufyonza, maana utayasukumia mapafuni. Fyonza wakati unatoa mpira, usizidi sekunde 10 hivi kwa mtu mzima, kwa sababu unamfyonza na hewa yake pia. Mashine ya kufyonza ikigoma (yetu iligoma wiki tatu mfululizo), mgeuze ubavu, mwili mzima kwa pamoja kama gogo, matapishi yatoke yenyewe. Mluzi mkali wakati anavuta pumzi ni uvimbe au kitu kimekwama juu. Mluzi wakati anatoa mara nyingi ni pumu. Na mwenye pumu aliyekuwa akipiga mluzi, kisha akanyamaza huku amechoka, usimshangilie. Hewa haipiti tena.

Kile kibomba kilichopinda cha kuzuia ulimi kipime shavuni, kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya. Kifupi kitausukuma ulimi nyuma zaidi, kirefu kitakandamiza kidakatonge, kile kifuniko cha njia ya hewa. Akianza kujikakamua kutapika, kitoe bila kubishana naye.

Kwenye ambubegi, kosa letu sote ni woga. Mkono ukiogopa unaminya mbiombio, hewa inaingia tumboni, na ugali wa mchana unarudi. Mtu mzima mwenye mapigo ya moyo lakini hapumui anahitaji pumzi moja kila sekunde 6. Minya taratibu kifua kipande tu, achia, hesabu hadi tano, minya tena. Mkiwa wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono yote miwili na mwingine aminye. Mikono ya mtu mmoja haitoshi ndani ya gari linalorukaruka.

Oksijeni nayo ni hesabu ya darasa la tano. Mtungi mdogo wa saizi E ukijaa una lita kama 680. Kwa lita 10 kwa dakika, baada ya saa moja na dakika chache umebaki chuma. Masasi hadi Mtwara mjini ni kilomita kama 200. Soma geji kabla gari halijatoka getini.

Dawa nitazisema chache. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho tunapokea wenye pumu wengi kuliko kawaida. Salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kufungua njia za hewa, ni nzuri, lakini wengi wanaipulizia ulimini. Toboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, pachika kichwa cha dawa hapo, mdomo wa chupa uwe kinywani kwa mgonjwa, mpe pumzi moja baada ya nyingine.

Aliyeumwa na nyuki, amevimba uso, sauti imekwama na presha inashuka, anahitaji adrenalini. Nimeona wenzangu wakianza na haidrokotisoni, ambayo huchelewa kufanya kazi, kwa sababu wameizoea, adrenalini wanaiogopa. Mtu mzima ni nusu mililita ya ile ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na unaweza kurudia baada ya dakika 5. Paja, siyo mshipa. Haya yote, bila shaka, ni ndani ya mipaka ya kibali chako cha kazi.

Magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ndiyo iliyonifundisha kusoma. Tulimpokea mama wa kifafa cha mimba, karatasi yake ya rufaa imeandikwa kwamba dozi ya kwanza alipewa "2:00 usiku". Sisi tulikuwa barabarani saa tisa usiku. Kwa saa zetu, tangu saa mbili usiku zilikuwa zimepita saa saba, na dozi ya kuendeleza hutolewa kila baada ya saa 4. Nikavuta dawa kwenye bomba. Kwa mazoea tu nikamgonga goti kwanza. Halikuruka, dalili kwamba dawa imezidi mwilini. Nikahesabu pumzi dakika nzima: 13, na chini ya 16 hatuchomi.

Nikampigia aliyetoa rufaa, nikamwamsha. "Kaka, saa mbili ipi?"

"Saa nane, dada. Nimeandika ya kizungu."

Bomba nikaliweka pembeni, nikaandaa kalsiamu glukoneti, ambayo hupinga magnesiamu ikizidi, na ambubegi ikakaa mapajani mwangu hadi tulipofika. Sasa kila dawa niliyotoa naiandika kwenye plasta, jina, kiasi na saa kwa tarakimu nne, naibandika kwenye chupa ya dripu. Dozi ya mama yule ningeiandika 0200.