Sauti Zilizofungwa Ndani ya Simu

Maswali ya wasomaji na majibu yetu

Kwa toleo hili tumepokea barua tatu zinazokaribiana, mbili kutoka Bukavu na moja kutoka Goma, zote zikihusu sauti zilizorekodiwa kwa simu ambazo zinakataa kusikika mahali pengine. Tumezijibu pamoja, lakini ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko zile nyingine, kwa sababu ndani yake mna kosa tunaloliona likirudiwa mara kwa mara.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikimrekodi mama mkwe wangu, anayekaa Walungu, akisimulia hadithi za zamani na historia ya ukoo katika lugha ya Mashi. Nilitumia simu ndogo ya vibonyezo, na sasa nina mafaili 41 ambayo majina yake yote yanaishia kwa herufi amr. Nilipoyapeleka kwenye redio moja, fundi aliniambia kwamba kompyuta yao haiyafungui. Kijana mmoja wa kibanda cha fotokopi alifuta herufi amr, akaandika mp3 mahali pake, akanitoza pesa, lakini hadi leo hayasikiki, na hata simu yangu mwenyewe sasa inayakataa. Je, nimeyapoteza?
Msomaji, Kadutu

JIBU: Mama mpendwa, hujayapoteza. Jambo la kufanya leo, kabla ya jingine lolote, ni kuyarudishia majina yake ya awali: pale palipoandikwa mp3 baada ya nukta, uandike tena amr. Kijana yule hakuigusa sauti yenyewe. Alibadili maandishi ya nje tu, kama mtu anayechukua gunia la unga wa muhogo sokoni na kuliandika kwamba ni la mahindi. Mashine ikiona mp3 hutafuta ndani ya faili mpangilio wa MP3, yaani ule wa sauti unaofunguka karibu kila mahali, na ikikuta mpangilio mwingine hukataa. Kugeuza faili kwa kweli ni kuifungua sauti iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa uzito, kwa kanuni moja na kuibana upya kwa kanuni nyingine, na kazi hiyo huhitaji programu maalumu.

Yafaa ujue ulichonacho mkononi, maana ndicho kitakachoamua njia ya kufuata. AMR ni kanuni iliyokubaliwa mwezi wa Oktoba 1999 na 3GPP, muungano wa mashirika yanayoweka viwango vya simu za mkononi, ili itumike kusafirisha mazungumzo ya watu wanapopigiana simu. Huikata sauti katika vipande vya milisekunde 20, na hutumia kilobiti kati ya 4.75 na 12.2 kwa kila sekunde. Ndiyo sababu mazungumzo ya saa nzima, hata yakirekodiwa kwa kiwango chake cha juu kabisa, hayafikii megabaiti 6, na ndiyo sababu watengenezaji wa simu ndogo, zenye nafasi finyu ya kuhifadhia, waliipenda.

Ubahili huo una gharama yake. AMR ya kawaida huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kwa hiyo haiwezi kubeba mtetemo wowote unaozidi hertzi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Sauti ya mtu ikizungumza hueleweka bado, lakini herufi kama s na f, ambazo hutofautiana hasa katika mitetemo ya juu, hukaribiana mno, hata mtu akisikia neno moja peke yake ashindwe kujua kama limesemwa «kusuta» au «kufuta». Tena kanuni hiyo iliundwa kwa kufuata namna koo na kinywa cha binadamu vinavyotoa sauti, hivyo ngoma, makofi na vigelegele vinavyofuatana na hadithi hutoka vimekwaruzika. Ninayasema haya kwa uwazi kwa sababu vipo vibanda vinavyowaahidi watu kwamba faili likigeuzwa kuwa MP3 au WAV litakuwa safi zaidi. Halitakuwa. Kile ambacho simu haikukinasa siku ile kule Walungu hakimo ndani ya faili, na hakuna fomati inayoweza kukirudisha. Utakachopata kwa kugeuza ni faili linalofunguka kwenye redio, kwenye kompyuta na kwenye simu za watoto wako, na kwa mahitaji yako hilo ni kubwa.

Sasa ugeuze kwenda fomati gani? Ukiwa na nia ya kusikiliza na kugawia ndugu, chagua MP3 ya chaneli moja (isiyotenganisha sauti ya kushoto na ya kulia) yenye kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo kwa saa moja huchukua takriban megabaiti 29. Kuongeza hadi 192 au 320 kwa sauti iliyotoka kwenye AMR ni kujaza flashi bure. Fundi wa redio akikuambia kwamba anataka kuikata na kuiunganisha sauti hiyo katika kipindi, mpe WAV, kwa sababu WAV ya kawaida haibani chochote, na kila anapoihifadhi upya haipungukiwi. Uzito wake uwe nao katika hesabu: WAV ya chaneli moja, yenye vipimo 44,100 kwa sekunde na biti 16, hufikia megabaiti 317 hivi kwa saa. Muulize kwanza anachotaka, usije ukabeba mzigo huo bila sababu.

Kwa kazi yenyewe ninapendekeza programu ya VLC, ambayo hutolewa bure na shirika la VideoLAN la Ufaransa na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi za kwetu zimepangwa katika Kifaransa, basi fungua menyu ya «Média», kisha «Convertir / Enregistrer», uongeze faili lako kwa kitufe cha «Ajouter», halafu ubonyeze tena «Convertir / Enregistrer» iliyo chini. Hapo utaona orodha ya «Profil». Chagua «Audio - MP3». Profaili hiyo kwa kawaida imewekwa kwa kilobiti 128 na chaneli mbili, na pembeni yake pana alama ya spana ambapo unaweza kuishusha hadi 64 na chaneli moja. Mwisho utaje mahali faili jipya litakapowekwa na jina lake, likiishia kwa mp3, kisha ubonyeze «Démarrer». Anza na faili moja, ulisikilize, ndipo uendelee na yale 40 yaliyobaki. Wako wanaopenda Audacity, nayo ni nzuri sana kwa kukata sehemu zisizotakiwa na kupandisha sauti iliyo chini, lakini haiwezi kufungua AMR mpaka uiongezee programu saidizi iitwayo FFmpeg. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani mafaili yao ni mabovu.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulishike kuliko yote. Usifute mafaili ya amr hata baada ya kupata MP3 zinazosikika vizuri. AMR tayari imetupa sehemu ya sauti, na MP3 nayo hutupa sehemu nyingine inapobana. Ukitengeneza MP3 kutoka kwenye MP3, kisha nyingine kutoka kwenye hiyo, itakuwa kama fotokopi ya kadi ya mpiga kura iliyotolewa kwenye fotokopi, ambapo uso wa mwenye kadi unaishia kuwa doa jeusi. Kila nakala itoke kwenye faili la asili. Mimi mwenyewe niliwahi kuzigeuza sauti za baba yangu usiku mmoja, nikafuta za asili ili kupata nafasi kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha nikagundua kwamba umeme ulikuwa umekatika katikati ya kazi na mafaili mapya kadhaa yalikuwa yamekomea nusu ya maneno. Nusu ile nyingine ya maneno yake sijaipata tena. Kwa hiyo kila faili jipya lifungue, angalia kama urefu wake kwa dakika na sekunde unalingana na wa lile la zamani, na usikilize sentensi za mwisho. Mafaili yako yote 41 ya amr, hata kila moja likiwa la nusu saa, hayafikii megabaiti 120. Yaweke kwenye flashi mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu aliye nyumba tofauti.

Na kwa kuwa mama mkwe wako bado yupo na bado anasimulia, safari ijayo usimrekodi kwa simu ile. Azima simu ya kisasa zaidi, uingie kwenye mipangilio ya kinasa sauti chake, na ukiona nafasi ya kuchagua fomati, chagua WAV, au M4A (tunaieleza katika jibu linalofuata) yenye ubora wa juu. Weka simu karibu naye, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isipokee mtikisiko wa meza, na mvua ikinyesha juu ya mabati, subirini ikatike. Ukipata nafasi, mwombe arudie zile hadithi ambazo unaona zimeumia zaidi katika mafaili ya zamani.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Ibanda. Nilirekodi mazoezi yetu kwa iPhone, na mafaili yanaishia kwa m4a. Waimbaji wanataka kuyasikiliza kwenye redio za magari na redio ndogo zenye tundu la flashi, lakini redio hizo hazionyeshi kitu.
Mwalimu, Ibanda

JIBU: Mwalimu, M4A ni chombo kinachobeba sauti ambayo mara nyingi imebanwa kwa AAC, kanuni iliyokuja baada ya MP3 na inayotunza sauti vizuri zaidi kwa uzito ule ule. Redio nyingi za bei nafuu, hata hivyo, zinajua MP3 tu. Geuza kwa VLC kama tulivyoeleza hapo juu, ila kwako tumia kilobiti 192 na chaneli mbili, kwa kuwa sauti nne za kwaya zinazopishana huumia upesi zikibanwa sana. Flashi iwe imepangwa kwa FAT32, namna mojawapo ya kupanga mafaili ndani ya flashi, maana redio nyingi hazisomi mpangilio mwingine, na huenda kosa lako la pili liko hapo. Kwa mazoezi yajayo, tafuta kwenye mipangilio ya programu ya «Dictaphone» sehemu ya «Qualité audio», uchague ile isiyopoteza kitu. Mafaili yatakuwa mazito, lakini utakuwa na asili ya kutolea nakala zote.

SWALI: Ninaishi Himbi, Goma. Mimi ni katibu wa kamati ya ukoo inayosuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Wazee walio mbali hunitumia ushahidi wao kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, nami napaswa kuuandika neno kwa neno kwenye kompyuta, lakini kompyuta haifungui mafaili hayo ya opus. Rafiki yangu amenishauri nitumie tovuti inayogeuza mafaili bure. Je, nifanye hivyo?
Katibu, Himbi

JIBU: Ndugu katibu, tafadhali usifanye hivyo. Tovuti ya namna hiyo huanza kwa kulipeleka faili lako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, ndipo likurudie limegeuzwa. Unalipa mega mara mbili, kwenda na kurudi, na hilo ndilo dogo. Wazee hao wametaja majina ya watu na mipaka ya mashamba wakiamini kwamba maneno yao yanabaki ndani ya kamati, na katika mkoa wetu sote tunajua ugomvi wa shamba unakoweza kumfikisha mtu. Wimbo unaweza kupita kwenye tovuti kama hiyo, ushahidi usipite.

Habari njema ni kwamba kwa kazi yako huenda huhitaji kugeuza chochote. Opus ni kanuni ya wazi iliyochapishwa mwaka 2012, na VLC huifungua moja kwa moja. Tena VLC hukuruhusu kupunguza mwendo wa sauti, jambo litakalokusaidia sana unapoandika maneno ya mzee anayesema upesi. Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya, ingia kwenye folda za WhatsApp, tafuta ile iitwayo «WhatsApp Voice Notes», na unakili unachohitaji. Majina ya mafaili hayo huanza kwa PTT, yakifuatiwa na mwaka, mwezi na siku, halafu namba. Kwa mfano PTT-20240312-WA0004 ni ujumbe wa tarehe 12 Machi 2024.

Ikiwa mwanakamati mwingine anahitaji MP3 kwa sababu simu yake ni ndogo, VLC itakutengenezea, au uweke programu ya FFmpeg na uandike, katika dirisha la amri la kompyuta, mstari mmoja tu, ffmpeg -i ushahidi.opus ushahidi.mp3, ukiweka jina halisi la faili lako. Faili la opus lenyewe usiliguse na usilibadilishe jina. Nakala iliyogeuzwa huchukua tarehe ya siku ilipotengenezwa, na siku upande mmoja utakapodai kwamba maneno ya mzee yamekatwa, wajumbe watataka kusikiliza lile lililotoka kwenye simu, likiwa na tarehe yake. Tengeneza daftari lenye safu tatu, jina la faili kama lilivyo, jina la aliyesema, na mahali shamba lilipo, na daftari hilo usilihifadhi kwenye flashi moja na sauti.