Ukitaka kulinda ndege kwenu, usianze kwa kumshtaki jirani

Vijana wananiuliza sana, sisi huku Dakatcha, pori letu la Kilifi, tulianzaje mpaka watu wakakubali mambo ya ndege. Nitaeleza nilivyopitia mwenyewe, manake nilianza vibaya na sitaki mtu arudie.

Ndege wetu ni mnana wa Clarke. Dume ni mweusi kichwani na mgongoni, tumbo manjano, na dunia nzima yuko kaunti ya Kilifi peke yake, msitu wa Arabuko-Sokoke na huku kwetu kaskazini ya mto Sabaki, basi, kwengine hayuko. Anatafuta wadudu juu kwenye miti ya mirihi, na mrihi ndio huo huo watu wanakata wachome makaa, na pori likishafyekwa wanapanda mananasi. Sasa mkate wa mtu na chakula cha ndege viko kwenye mti mmoja, hapo ndipo pana kazi.

Mimi nilipoingia kwenye kikundi chetu cha kulinda ndege nilikuwa na moto sana, nikaona tanuri la jirani yangu linafuka nikaenda kumripoti. Alikamatwa, akalipa faini, akarudi. Kilichofuata ni kwamba kijiji kizima kilininyamazia, nikipita watu wanakata maneno, na matanuri yakahamia ndani zaidi ambako hata hatukujua. Karibu mwaka mzima nilikuwa kama kipofu kwenye pori la kwetu.

Nilienda kumuomba radhi, na sikwenda peke yangu, nilienda na mzee wa ukoo wake. Tukakaa, tukaongea karo na njaa, ndege sikumtaja kabisa siku hiyo. Baadaye tulimpa mizinga miwili ya nyuki ajaribu. Sitakudanganya eti asali ilishinda makaa mwaka wa kwanza, haikushinda, lakini alianza kukata kidogo na akaanza kuniambia anachokiona. Mchoma makaa na mchunga ng'ombe wanalijua pori kuliko mimi na darubini yangu, ukimfanya adui umejitoboa macho mwenyewe.

Na macho ya wenyeji si kitu kidogo. Miaka mingi wataalamu walikuwa hawajui huyu mnana anazalia wapi, mpaka 2013 wanakikundi wa huku wakishirikiana na Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, wakakuta viota, na havikuwa juu ya miti, vilikuwa kwenye majani ya kinamasi kinachojaa mvua ikinyesha vizuri. Kwa hivyo kulinda miti peke yake haitoshi, lazima hayo maji ya msimu yabaki, yasilimwe yakikauka. Shamba likishaingia pale mvua ya mwaka ujao itakuta mahindi.

Mengine ni madogo ila yatakusaidia. Mkipata viota msiposti mahali vilipo, hata kwa furaha, na wageni wenye kamera wakae mbali, mama akiruka ruka kwa hofu mayai yanapoa. Hesabuni ndege siku ile ile kila mwezi na muandike hata kama hamkuona hata mmoja, manake ile sifuri nayo ni habari. Daftari wekeni mbili, nyumba mbili tofauti. Letu la kwanza lililiwa na mchwa.