Abjadi ni nini, na kwa nini alifu-be-te siyo abjadi

Mkuu, umeuliza abjadi ni nini hasa, maana kamusi inakwambia ni mpangilio wa herufi A hadi Z, na ustadhi wako kakataa katakata usiite alifu-be-te, yaani mpangilio wa herufi za Kiarabu tunaokariri chuoni, abjadi. Wote wawili wako sawa.

Yalinikuta chuoni nikiwa mdogo. Maalimu kaniambia, "Haya, nisomee abjadi." Nikaporomosha: alifu, be, te, the, jimu... Akanigonga kidole kwa kalamu yake ya tete. "Hizo unazijua. Nimesema abjadi." Akaandika ubaoni alifu, be, jimu, dali. Ziunganishe uone: a-b-ja-d. Jina limetokana na herufi nne za mwanzo za mpango wa kale. Huu tunaokariri sasa ulikuja baadaye, ukakusanya herufi zenye umbo moja. Be, te na the zinapishana nukta tu.

Ule wa kale ukabaki kwenye hesabu. Alifu ni 1, be 2, jimu 3, dali 4, ye 10, lamu 30, hadi ghaini 1000. Ile 786 unayoiona juu ya milango ya maduka na kwenye malori ni bismillahi nzima imejumlishwa herufi kwa herufi. Nilikaa na penseli nikaihakiki: neno Allah peke yake ni alifu 1, lamu mbili 60, he 5, jumla 66.

Ofisini ni habari nyingine. Nilipoanza kazi masjala, mkubwa akisema "panga majalada kwa abjadi" alitaka A, B, C basi. Ningefuata abjadi ya maalimu, Juma angemtangulia Daudi, nami ningerudi nyumbani mapema.

Kinachonikera ni fomu zinazosema "andika abjadi ya kwanza ya jina lako". Hiyo ni herufi! Abjadi ni safu nzima. Aliyeitunga hajui alifu kwa ujiti.

Halafu jaribu hili. Ndani ya abjadi ya kale kuna kipande tulichokitamka "qarashati": qafu, re, shini, te. Sasa chukua alfabeti ya Kizungu uisome kuanzia Q: Q, R, S, T. Safu zote mbili asili yake ni herufi za Wafoinike, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni.